Mpunga, ngano, miwa, mahindi au mgomba: ukitaka rojo la karatasi uchukue kipi?

Watu wengi wanaotaka kutengeneza karatasi kwa mabaki ya shamba wanaanza na swali moja tu: kipi kipo kingi? Wanakusanya, wanapika, wanaponda wapate rojo (ule uji wa nyuzi), halafu maji hayashuki kwenye chujio au karatasi ikikauka inakatika kama biskuti, basi wanasema aah, haya mabaki hayafai, karatasi ni ya miti. Mi naona kosa liko kwenye lile swali la mwanzo. Swali la kuanza nalo ni unataka karatasi ya kazi gani, na yale maji meusi ya kupikia utayapeleka wapi. Ukishajibu hayo mawili, kuchagua kati ya mpunga na miwa kunakuwa rahisi kabisa.

Kabla ya yote kuna jambo moja nataka tuliweke sawa maana linarudiwa kila mahali, kwamba majani ya nafaka yana nyuzi fupi ndo maana karatasi yake dhaifu. Si kweli hivyo. Nyuzi za ngano zina wastani wa kama milimita 1.4, mpunga zinakaribiana na hapo au pungufu kidogo, makapi ya miwa yako kati ya milimita 1 na 1.7. Sasa linganisha na mikaratusi ambayo viwanda vikubwa duniani vinatengenezea karatasi za kuandikia, nyuzi zake hazizidi sana milimita 1! Misonobari ndo yenye nyuzi ndefu, karibu milimita 3. Kwa hiyo urefu wa uzi peke yake sio mchawi. Wachawi ni watatu: seli ndogo ndogo za duara ambazo sio nyuzi kabisa na zinaziba chujio, silika (yaani ule mchanga mmea unaounyonya ardhini na kuujenga kwenye majani), na ile sponji laini ya ndani ya bua ambayo inakula dawa ya kupikia na haikupi karatasi. Kila zao lina mchawi wake, na hapo ndo ulinganisho wenyewe ulipo.

Nianze na mpunga maana ndo unaodanganya watu kuliko yote. Majani makavu ya mpunga yana lignini kidogo, kama asilimia 12 hadi 16, wakati misonobari inafika 26 hadi 30. Lignini ndo gundi inayoshikilia nyuzi, ikiwa kidogo mmea unaiva upesi. Mara ya kwanza nimepika mpunga nilifurahi sana, saa moja na nusu kwenye sufuria la wazi na tayari ukilibana jani kati ya vidole linaachia nyuzi kama pamba iliyolowa. Nikaosha, nikaponda kidogo, nikatumbukiza fremu (ile yenye wavu wa kutengenezea karatasi), nikainua. Nikasubiri. Rojo la makaratasi chakavu linachuja kabla hujavuta pumzi mara tatu, hili la mpunga sekunde arobaini zimepita bado maji yametulia juu ya wavu kama dimbwi, ukitikisa linacheza kama maziwa mgando. Nikafikiri nimeponda kupita kiasi, nikapika sufuria lingine bila kuponda kabisa, bado vilevile. Ni zile seli ndogo, zimejaa humo, na nyuzi zenyewe nyembamba mno, upana mikroni 8 au 9 tu (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), zinalala pamoja na kuziba kila tundu. Dawa niliyoipata ni kuosha rojo juu ya wavu wenye matundu makubwa kidogo, huku nalimwagia maji na kulikoroga kwa mkono, zile seli zinapita na maji na nyuzi zinabaki. Unapoteza uzito, tena sio kidogo, lakini baada ya hapo fremu inachuja.

Halafu silika. Majivu ya majani ya mpunga yanafika asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake mkavu na sehemu kubwa ya hayo ni silika. Kwa mtu anayepika kwenye sufuria haimsumbui sana zaidi ya visu na mapanga kuwa butu haraka. Kwa kiwanda ni msiba, kwa sababu kiwanda cha kisasa kinatakiwa kiyachemshe yale maji meusi mpaka yawe mazito, kiyachome kwenye boila, kirudishe dawa itumike tena, sasa silika inayeyuka ndani ya yale maji halafu inaganda kwenye mabomba kama ukoko wa birika, na inaharibu chokaa ya kurudishia dawa. Ndo maana utaona viwanda vya karatasi ya mpunga ni vichache pamoja na kwamba mpunga umejaa duniani. Na tafadhali usichanganye majani ya mpunga na pumba za mpunga, pumba usizipike kabisa kwa karatasi, zina silika nyingi na vipande vifupi, utachoma kuni bure.

Faida ya mpunga iko kwenye ulaini. Karatasi yake inatoka laini, imeshikana, wino hautambai hovyo, kwa kadi na karatasi za kuchorea ni nzuri mno ikichanganywa na kitu kirefu. Nitarudi hapo.

Ngano ni ndugu wa mpunga lakini ndugu mwenye tabia nzuri zaidi. Silika ipo ila kidogo, kama asilimia 3 hadi 7. Lignini imezidi kidogo kwa hiyo unapika muda mrefu zaidi, na utakutana na vifundo, zile pingili ngumu za bua, ambazo haziivi sawa na bua lenyewe na zinabaki kama vidoadoa vya kahawia kwenye karatasi. Mi huwa nakata bua vipande vya sentimita 3 hivi, natumbukiza kwenye maji usiku kucha, asubuhi vifundo vingi vinazama na vingine unaviokota. Ukiwa na kazi kubwa huwezi kuokota, unapika tu unachuja baadaye. Karatasi ya ngano ina kitu kimoja cha pekee, ni ngumu, ukiitikisa inalia krakra, hiyo inatokana na hemiselulosi nyingi (kitu kama wanga kilichomo kwenye mmea) inayofanya nyuzi zishikane kwa nguvu. Kwa karatasi ya daftari inaweza kukuudhi, lakini kwa ile tabaka ya mawimbi katikati ya boksi la katoni hiyo ndo sifa inayotafutwa! Kama lengo lako ni maboksi, trei za mayai, vifungashio vigumu, ngano inaishinda mpunga bila ubishi. Na jambo hili si geni, mwaka 1800 kule London Matthias Koops alichapisha kitabu juu ya karatasi ya majani makavu, miongo kadhaa kabla karatasi ya mbao haijaanza kutengenezwa viwandani.

Sasa makapi ya miwa. Kama ningelazimishwa kuchagua kimoja cha kujengea kiwanda ningechukua haya, na sababu kubwa ni moja, yameshakusanywa. Mpunga na ngano unayafuata shambani, mepesi kama manyoya, lori linajaa halina uzito, mvua ikinyesha yanaoza, na yanapatikana wiki chache tu kwa mwaka. Makapi ya miwa yanatoka mahali pamoja kwenye mlango wa kiwanda cha sukari, yameshasagwa na kuoshwa juisi. Silika yake ni ndogo pia, mara nyingi chini ya asilimia 3. Nyuzi zake ni pana zaidi, karibu mikroni 20, kwa hiyo maji yanashuka vizuri kuliko mpunga.

Mchawi wake ni sponji. Karibu theluthi moja ya makapi makavu ni ile sponji ya ndani ya muwa, na usipoitoa inafyonza kostiki (ile dawa kali ya kupikia) kama kitambaa cha kudekia, rojo linakuwa zito lisilochuja, karatasi inatoka na madoa yanayong'aa kama mafuta. Kwenye kiwanda kuna mashine za nyundo zinazopiga makapi na kuchekecha sponji nje. Nyumbani unafanya hivi, kausha makapi kabisa, yatie kwenye gunia, piga kwa fimbo kama unavyopiga maharage, halafu pepeta na chekecha, ule unga mweupe unaotoka ndo sponji. Ila vaa barakoa, hili sisemi kwa kujaza maneno. Makapi yanatoka kiwandani na unyevu kama nusu ya uzito wake na sukari kidogo imebaki, yakirundikwa yanachacha, yanapata joto, yanaota ukungu, na vumbi la makapi yaliyoota ukungu linaleta ugonjwa wa mapafu wenye jina lake kabisa, bagasosisi. Anza na makapi mabichi ya siku hiyo hiyo, yaanike, usichukue ya chini ya lundo la mwaka jana eti kwa sababu yanatolewa bure.

Na hapo kwenye bure pia kuna mtego. Viwanda vya sukari vinachoma makapi kwenye boila zao kupata mvuke na umeme, kwa hiyo ukiyachukua lazima uwarudishie nishati nyingine. Kule jimbo la Tamil Nadu India kuna kampuni ya TNPL iliyoanzishwa mwaka 1979 na kuanza kuzalisha karatasi mwaka 1984 kwa makapi ya miwa, walichofanya ni kubadilishana, wanavipa viwanda vya sukari mvuke au kitu kingine cha kuchoma na wao wanachukua makapi. Kwa hiyo anayepanga hesabu akiandika malighafi sifuri ajue hesabu hiyo itamgeuka.

Mahindi nitayagawa mara mbili maana watu wanayachanganya. Bua la mahindi lenyewe silipendi. Sponji imejaa, hata kuliko muwa, ganda la nje ndo lenye nyuzi na ni jembamba, halafu linakuja na udongo wa shambani. Ukilimenya na kutupa moyo wa ndani unapata rojo la kiwango cha ngano hivi, lakini kazi ya kumenya ni kubwa mno kwa kinachopatikana. Magunzi ndo kabisa sahau. Lakini maganda, yale majani yanayofunika gunzi, hayo ni hazina kwa mtu wa karatasi za mkono! Laini, masafi, hayana sponji, yanaiva hata kwa magadi bila kostiki, na rangi inatoka ya krimu nzuri bila kuweka dawa ya kung'arisha. Mtu anayeanza leo akiniuliza aanze na nini namwambia maganda ya mahindi, bila kufikiria mara mbili.

Mgomba ni kundi lingine kabisa. Hapa sasa tunazungumzia nyuzi ndefu na zenye nguvu, karatasi ya mgomba ukiivuta unasikia inakataa. Binamu yake abaka, ambaye ni wa jamii ile ile ya migomba, ana nyuzi za kama milimita 6 na ndo anayetengenezewa vifuko vya majani ya chai, vile vinavyokaa kwenye maji ya moto bila kupasuka. Shida ya mgomba ni maji. Shina lake ni zaidi ya asilimia 90 maji, kwa hiyo ukibeba kilo 100 begani umebeba chini ya kilo 10 za kitu kikavu, na ukipika unabaki na kilo 4 hivi za rojo kavu ukibahatika. Usisafirishe shina zima. Lichane hapo hapo lilipokatwa, chukua magamba ya nje, yakwangue kwa kisu butu ule ute utoke, moyo wa katikati uache shambani. Utomvu wake unatia doa jeusi lisilotoka kwenye nguo wala mikononi kwa siku kadhaa, vaa ya kazi. Na kuponda kwake kunachosha, mpunga unauponda dakika kumi, mgomba unaweza kukaa nao saa nzima na bado kuna kamba zinajisokota na kufanya vifundo kwenye karatasi, hivyo kata vipande vya sentimita 1 au 2 kabla ya kupika, usiwe na tamaa ya nyuzi ndefu.

Miti ya pamba inayobaki baada ya kuvuna nimeijaribu mara mbili tu, gome lake lina nyuzi nzuri ila mti wa ndani unapikika kama mbao na gome linaacha vidoa vyeusi kila mahali. Nyuzi fupi zinazobaki kwenye mkonge ni kitu kizuri sana cha kuchanganyia, zina urefu karibu na misonobari, ila kuziponda ni kazi kama ya mgomba.

Kuchanganya ndo siri ambayo kwa kweli inamaliza nusu ya ubishi huu wote. Karatasi ya xuan ya China, ile ya wachoraji na waandishi wa brashi, kwa karne nyingi imetengenezwa kwa kuchanganya gome la mti unaoitwa qingtan na majani ya mpunga, gome linatoa nguvu, mpunga unatoa ulaini. Viwanda navyo vinafanya hivyo hivyo, rojo la ngano au la miwa linaongezewa nyuzi ndefu za misonobari ili karatasi isikatike kwenye mashine. Kwa mkono, mi naanza na sehemu 7 za mpunga au ngano na sehemu 3 za mgomba au mkonge, naangalia, naongeza au napunguza. Hata maji yanashuka haraka zaidi kwa sababu nyuzi ndefu zinaacha nafasi.

Upande wa dawa ya kupikia una chaguo tatu za kweli. Kostiki soda ndo kali na ya haraka, kiasi cha asilimia 15 ya uzito mkavu kinatosha majani mengi ya nafaka, na rojo linatoka karibu nusu ya ulichoweka au pungufu kidogo. Magadi ni ya upole, unapika muda mrefu zaidi, yanafaa maganda ya mahindi na mpunga ila kwa mgomba uliokomaa utakesha. Chokaa inapika kwa kulainisha tu, lignini nyingi inabaki, unapata uzito mwingi zaidi lakini ni rojo gumu la njano la kutengenezea makatoni magumu, usitarajie karatasi ya kuandikia. Kostiki ina masharti yake na sitanii hapa: unamwaga kostiki kwenye maji, kamwe sio maji juu ya kostiki, glavu na miwani viwe vimevaliwa kabla hujafungua mfuko, na sufuria la alumini usilitumie kabisa maana kostiki inalila na kutoa gesi inayoshika moto. Tumia chuma kisichoshika kutu au sufuria la enameli lisilobanduka. Watoto wakae mbali mpaka umeosha rojo na halitelezi tena vidoleni.

Halafu yale maji meusi. Ukipika kilo moja ya majani, zaidi ya nusu kilo imeyeyuka humo pamoja na dawa yako. Ukiyamwaga mtoni yanakula hewa ya maji na samaki wanakufa, hii imetokea kwa kiwango cha kutisha, mwaka 1996 serikali ya China ilifunga viwanda vidogo vya karatasi kwa mamia katika bonde la Mto Huai kwa sababu hiyo hiyo, na vingi vilikuwa vinapika majani ya ngano. Hili linaniuma kwa sababu mtu anaingia kwenye kazi hii akitaka kuokoa miti, kisha anaua mto. Ukipika kwa kostiki, sodiamu yake inaharibu udongo pia, usidhani kumwagia bustani ni suluhisho. Wanaopika kwa dawa zenye potasiamu au amonia wana nafuu hapo, maana maji yao yanaweza kutengenezwa kuwa mbolea, na kuna viwanda vya karatasi ya ngano vimefanya hivyo. Kwa anayepika kidogo, tumia dawa ndogo kadiri inavyowezekana, maji ya kwanza yatumie tena kupikia sufuria linalofuata kwa kuongezea dawa kidogo, na yanayobaki yaweke kwenye shimo au beseni pana lililotandikwa plastiki nene yakauke juani, ule ukoko uutoe kwa uangalifu.

Tena usisombe kila kitu shambani. Mabua yanayobaki yanazuia udongo kuondoka na mvua na yanalisha ng'ombe, ukichukua yote msimu baada ya msimu mkulima atalipia kwenye mavuno.

Kwa hiyo ukiniuliza moja kwa moja: unataka karatasi za mkono za kadi na unaanza, maganda ya mahindi. Unataka karatasi laini ya kuchorea na una subira ya kuosha, mpunga ukiuongezea mgomba. Maboksi na trei, ngano. Mifuko inayobeba uzito, mgomba au mkonge ndo iwe nyingi kwenye mchanganyiko. Kiwanda, makapi ya miwa, ila baada ya kukubaliana na mwenye sukari kuhusu nishati.

Na kabla hujanunua chochote pika gramu 200 za kila ulichonacho, kila kimoja sufuria yake, lita 2 za maji na gramu 30 za kostiki, chemsha taratibu saa mbili, osha. Chukua rojo kiasi cha kijiko, tia kwenye chupa ya kioo yenye maji, tikisa, inua juu ya mwanga. Ukiona wingu laini lenye nyuzi zinazoelea moja moja limeiva, ukiona vijiti vinazunguka rudisha jikoni, na ukiona maji yamekuwa kama maziwa na hayatulii hata baada ya dakika kumi jua hizo ni seli ndogo, hapo una kazi ya kuosha kabla ya kugusa fremu.